Kilo Themanini na Tatu

Daktari Velikova aliandika *punguza*
kwa kalamu iliyokwisha wino,
akarudia palepale mpaka karatasi ikachanika.
Plamen, kocha, chini kwenye ukumbi wa zamani wa wachimba makaa,
alinizunguka mara moja kama mnunuzi wa ng'ombe:
"Unene si shida yako. Msuli huna.
Kula. Nyanyua. Lala. Kisha ule tena."

Nikarudi nyumbani na karatasi mfuko mmoja,
trei ya mayai kwapani,
lifti imekufa tangu Septemba, ghorofa ya nne,
na kila kona ya ngazi nabadili nia.
Ya kwanza, nipungue.
Ya pili, nijijenge.
Ya tatu, nikakaa chini, nikahema.
Njia mbili zilimshinda fisi;
Pernik hatuna fisi,
tuna mimi.

Nikaanza na kalamu ya daktari.
Supu ya kabichi asubuhi, supu ya kabichi jioni,
mtindi uliokamuliwa mafuta hadi ukakosa roho.
Wiki ya tano kilo nne zilikuwa zimeondoka bila kuaga,
sketi ikanicheza kiunoni,
Bi Ginka wa ghorofa ya pili akanishika mkono ngazini
akitaka siri.
Siri ni kwamba nilikuwa naota mkate.
Siri nyingine sikumwambia:
Alhamisi ile, nikimtoa mama kitandani kumpeleka kitini,
mikono ilinisaliti.
Tulishuka wote wawili, polepole, hadi zuliani.
Hakulia. Alitazama dari.
"Rumyana," akasema, "umekuwa mwepesi,
hata kuanguka kwako hakuna kishindo."

Mama ana kilo hamsini na moja.
Miaka ishirini na tisa alipima mabehewa mgodini,
sindano ya mizani ikipanda na kushuka mbele ya pua yake.
Usiku ule, nikimlisha yai kwa kijiko, akaanza:
"Behewa la makaa, behewa la mawe,
mizani inayapa heshima ileile.
Wajanja walitandaza mawe chini, makaa juu.
Mimi nilikuwa na nondo.
Nikigonga ubavu wa behewa, nikatega sikio.
Jiwe hujibu kwa ukali. Makaa hunong'ona."
Akafuta mdomo.
"Sogea nikugonge."

Kwa kifundo cha kidole akanigonga begani.
"Pamba."
Akanigonga mkononi.
"Supu."

Basi nikashuka kwa Plamen.
Majira yote ya baridi, saa kumi na mbili asubuhi,
kabla ya sufuria za shule kunihitaji,
nilinyanyua chuma kutoka sakafuni na kukirudisha,
kazi isiyo na maana yoyote kwa mtazamaji.
Nilikula maharage, jibini, kuku, mayai,
na mkate, ndiyo, mkate.
Kilo zikarudi moja moja kama watoto waliotoroka shule,
kufika Februari zote nne zilikuwa nyumbani.
Bi Ginka akaacha kuuliza.
Kuna asubuhi nilisimama mbele ya kioo
nikatamani ile sketi iliyonicheza,
nikaichukia supu, nikaitamani supu.
Tumbo bado lipo. Sitasema uongo.
Daktari Velikova aliiona namba akakunja uso,
akasoma majibu ya damu
akaukunjua nusu.

Machi, theluji ikaanza kuuacha mlima Vitosha.
Mama akataka dirisha.
Nikachuchumaa, nikavuta pumzi, nikakaza mgongo
kama nilivyofundishwa kwa chuma,
ila chuma hakikushiki shingo,
hakinuki sabuni.
Akapanda.
Hatua sita hadi dirishani, na kiti nikakipita,
nikasimama naye mikononi, tukatazama paa za nyumba zikivuja.

Akapitisha mkono nyuma yangu,
akanigonga mgongoni mara mbili,
akatega sikio.

Alichosikia hakuniambia.