Swali la Kumi na Moja

Watu tisa, kompyuta tisa,
chumba kilicho juu ya ghala la jibini, Friesland,
mvua ikipiga dirisha kwa ubavu.
Nimekaa nyuma na fomu zangu:
moja ni "sikubali kabisa", tano ni "nakubali kabisa".
Tuta la bahari halinihusu,
wala shamba litakalozama ili mengine yapone.
Mimi nimetumwa kuuliza wameionaje programu.

Programu haitaji majina. Ndiyo sifa yake.
Hoja huibuka ukutani bila uso, bila ukoo,
hakuna wa kukunjiwa ndita.
Lakini vidole navyo vina lafudhi.
Harmen hugonga herufi kama apigiliaye msumari.
Wietske huandika, hufuta, huandika, hufuta,
na kila mtu, macho kwenye kioo chake,
anamsikia akifuta.

Saa nne na robo ikaibuka hoja ya ishirini na mbili:
"Shamba la Tjalling liachiwe maji."

Tjalling aliisoma mara mbili.
Akasogeza miwani. Akaipa alama, kama wenzake.
Mashine ikapiga hesabu,
ikasimamisha nguzo za buluu, fupi kwa ndefu,
na iliyozipita zote kwa urefu
ilikuwa zizi lake, ng'ombe sitini na mmoja,
na mpera aliopanda mkewe mwaka wa mafuriko.

Nikagawa fomu.
Ilikuwa rahisi kutumia? Nne. Nne. Tano. Nne.
Iliokoa muda? Tano, tano, tano.
Ulijihisi huru kusema? Wietske alizungushia tano,
kisha akaisugua kwa kifutio, akaisugua,
hadi karatasi ikatoboka.

Tjalling alirudisha yake wa mwisho.
Tano tupu, mstari ulionyooka kama mfereji.
Swali la kumi na moja, "Umeridhika na utaratibu?"
Tano.
Na pembeni, pasipo na kisanduku, kwa penseli:
"Zamani mtu alilazimika kunitazama."

Usiku, hotelini, naingiza takwimu.
Wastani: nne nukta sita.
Jedwali langu halina safu ya pembeni.
Naandika: watumiaji wameipokea vyema.
Nafuta "vyema".
Naandika "vizuri kiasi". Nafuta.
Kishale kinapepesa,
na ukuta wa chumba hiki ni mwembamba.