Kitufe cha Gumba

Kipanya hiki Kimosop alikinunua Nakuru mjini
kwa pesa za chai ya wiki mbili.
Kina vitufe viwili vya ziada ubavuni,
pale kidole gumba hulala bila kazi.
Nikamuuliza, vya nini? Akacheka.
"Ngoja tu, Chelagat. Vidole vyako vitanishukuru."

Vidole vyangu, kweli, vilikuwa vinalia.
Wakulima mia nne na kumi, kila jioni:
nakili namba, badili dirisha, bandika,
shuka safu, andika lita, hifadhi, rudi,
mpaka Njoro yote izime taa
na mlinzi awashe jiko lake getini.

Akaandika skripti, mistari kumi na saba,
akaifunga kwenye kitufe
kama kengele shingoni mwa ndama.
Nikabonyeza.
Safu zikashuka zenyewe
kama maziwa yanavyopita kwenye chujio.
Saa kumi nimemaliza. Meneja kasafiri;
paka hayupo, na panya, ndiye huyu, katawala.

Wiki tatu nikafuma sweta chini ya meza.

Siku ya malipo akaja Waruguru wa Mau Narok,
akasimama dirishani, leso mkononi.
Hakuja kudai. Alikuja kuuliza
kama jina lake bado limo.
Nikatafuta. Limo. Na mbele yake
sufuri, sufuri, sufuri, siku kumi na tisa,
na kila moja niliihifadhi mimi, kwa gumba,
huku nikihesabu mishono.

Zamani, nilipoandika kwa vidole vyote,
sufuri ilikuwa na uzito. Ilinikwaza.
Ningesema, ala, ng'ombe wa Waruguru kapatwa na nini?
Ningepiga simu. Daktari wa mifugo angepanda mlima.

Usiku ule sikumwita Kimosop.
Nikaifungua skripti peke yangu, nikiogopa kila nukta,
nikaongeza mstari mmoja katikati:
ikiwa lita ni sufuri, simama.
Usiendelee mpaka mtu aguse.

Sasa kipanya hukimbia, hukimbia,
kisha ghafla hunyamaza juu ya jina.
Kimosop asema nimeharibu mwendo.
Sawa.
Leo kimenyamaza mara mbili.
Mara ya pili simu iliita sana kabla ya kupokelewa,
na nyuma ya sauti
nikasikia ndama.