Kifundo

Afande Shaame alizipanga risasi tatu mezani
kama mtu anayepanga vikombe vya kahawa:
kubwa, ya kati, ndogo.
Chagua, Bi Mize, akasema,
lakini usichague kwa macho.

Nikachagua kwa macho.
Ile ya thelathini na nane, kichwa kipana, ya kibabe;
niliona inamfaa yule aliyenikaba koo njia ya Konde
mwaka jana, Mfunguo Tatu,
akaondoka na mkoba, na ndani yake miezi miwili
ya mwani wa wanawake wenzangu.
Niliwalipa mwenyewe, kwa bangili za mamangu.
Nikasema: Hii.

Akacheka kwa pua. Haya.

Nyuma ya machimbo ya mawe, nje ya Wete,
debe la mafuta juu ya matofali.
Bastola yenyewe ndogo, gurudumu la vyumba vitano,
nyepesi kama kopo la maziwa,
na hapo ndipo penye hila, alinambia baadaye:
chombo kikiwa chepesi, teke lake zito.

Nikavuta.
Debe sikuliona. Niliona mbingu,
na kifundo cha mkono kikanirudisha Mtambwe,
juu ya mkarafuu, miaka tisa,
nimepanda kwa siri kwa kuwa kaka zangu wamepanda.
Tawi likasema tap.
Mzee Kombo wa viungo alinifunga vijiti na mafuta ya nazi,
mkono ukapona umeinama kidogo,
kama mtu anayesalimia.
Tangu hapo sitwangi kwa mkono wa kulia,
sikamui tui,
na leo nimejitwisha radi.

Ya pili! Afande akapiga kelele. Mwizi hangoji upoe.
Ya pili ilikwenda kwa Mungu.

Akanipa ishirini na mbili.
Tamu, wallahi. Kama kuvunja karanga.
Moja, mbili, tatu,
ya nne ikalia tik,
basi. Kimya.
Hizi hugongwa ukingoni, akasema,
haikosi moja ya kususa.
Heri ikususie hapa kwenye debe.

Vijana wa machimbo walikuwa wameacha nyundo zao.
Alipofungua sanduku la thelathini na mbili
mmoja akasema: Hiyo risasi ya kike.
Afande hakugeuka.
Nenda kasimame pale penye debe, mwanangu,
utujulishe kama ya kike.

Nyundo zikaanza tena.

Chombo hiki cha pili kilikuwa na vyumba sita
na uzito kidogo, wa chuma, si wa majivuno.
Nikavuta.
Ilinisukuma kama mbuzi anayetaka majani,
si ng'ombe anayetaka njia.
Mkono ukapanda, ukashuka,
ukarudi palepale ulipokuwa.
Nikashangaa. Nikavuta tena kabla sijamaliza kushangaa.
Matundu matatu kwenye debe,
niliyafunika yote kwa kiganja kimoja
na bati lilikuwa bado la moto.

Karani wa vibali akauliza: Kaliba?
Nikamtajia. Akainua kalamu. Mbona ndogo?
Nikaweka mkono wangu juu ya karatasi zake,
nikauacha hapo,
mpaka akaandika.

Mama hajaambiwa.
Jana alilinusa baibui langu: mafuta haya ya cherehani,
na cherehani tuliuza?
Nikasema nimepita kwa fundi. Si uongo sana.
Wenyewe walisema kikulacho ki nguoni mwako,
na mimi nguoni mwangu nimekiweka kwa kibali na muhuri;
usiku nakitoa, nakifungia kabatini,
nalala nikitazama ukuta.

Leo ni siku ya kupima mwani, Maziwa Ng'ombe.
Wanawake wamekaa juu ya magunia, nguo hazijakauka,
kila mmoja anaitazama mizani kama anatazama uso wa mtu.
Nahesabu noti kwa mkono wa kushoto.
Wa kulia nimeulaza juu ya mkoba,
umeinama kidogo,
unasalimia.