Kuta Zina Midomo

Tartu, Februari, theluji imegeuka tope la kijivu,
na Reelika Toomsalu, mkunga,
anatoka duka la mikate
ana mikate miwili na hana laptopu.
Dakika tatu. Kioo cha gari kizima,
maana mlango hakuufunga.

Kaka yake Uku hakumlaumu. Alicheka
cheko la fundi aliyeezeka kabla ya mvua:
"Nilikuwekea kitu, siku yako ya kuzaliwa."
Mlango wa mgeni, usio na nywila,
uko wazi kama mtego wenye chambo.
Mwizi aingie, afurahi, atafute waifai,
na mashine, kimyakimya, itaje majina inayoyasikia.
"Ukiifunga kabisa inakuwa bubu.
Na bubu hapigi yowe."

Bi Saarniit wa kliniki alimtaka huyo huyo bubu.
"Humo ndani mna akina mama mia mbili na kumi na mmoja.
Ipotee, ila ipotee imefumba mdomo.
Afadhali jiwe chini ya mto
kuliko kasuku sokoni."

Wote wawili walisema kweli. Hapo ndipo penye shida.

Za mwizi arobaini, husema waja.
Huyu alipata nne.
Usiku wa nne, saa tano na dakika kumi,
mashine ikafumbua jicho, ikasikia mitandao sita:
PakaWaKapteni. GhorofaYaPiliKimya. UsiibeTafadhali.
Na ule wa mjane, bado una jina la kiwandani,
herufi na tarakimu zisizotamkika.
Watu sita, kila mmoja na kisanduku chake
chenye taa ya kijani nyuma ya runinga,
hawakujua kuwa wameitwa ushahidi.
Walikuwa wanataja majina yao tu, kupenya ukuta,
kama wafanyavyo usiku kucha kwa yeyote apitaye.
Na mahali fulani kampuni ina daftari:
jina hili, mtaa huu.
Nani aliliandika? Simu zetu, mifukoni,
tulipokwenda kununua maziwa.

Ikawa Supilinn, mtaa wa supu,
ambako njia zinaitwa Viazi, Njegere, Maharage.
Konstabli Aruots akabisha Maharage, nyumba ya mbao.
Mvulana wa miaka kumi na sita, soksi zimetoboka,
alikuwa anajifunza kufungua injini ya pikipiki.
Hakukimbia. Aliomba amalizie video.

Kituoni wakachapa orodha. Kurasa saba.
Ya mwizi, mistari tisa.
Zilizobaki zote ni za Reelika.
Programu haikujua nani mwizi nani mwenyewe,
ilianza kuandika tangu ile keki:
kliniki, nyumbani, duka la uzi, kliniki.
Na ukurasa wa tano, Jumanne tatu mfululizo,
nje ya mji: Yasmini7.

Nyumba hiyo haimo popote katika kumbukumbu zake.
Mwanamke wa humo ana mimba ya miezi minane
na mume anayemtafuta.
Reelika alimwandika kwa herufi moja.
Alizima simu. Aliegesha gari mbali,
akatembea kilomita nzima kwenye theluji,
laptopu begani.

Kikulacho.

"Sahihi hapa," alisema konstabli.
"Nakala ziko ngapi?"
Akahesabu kwa vidole: ya kituo,
ya mwendesha mashtaka, ya kampuni...
kidole cha tatu kikabaki hewani.
"Ya kampuni, hiyo sijui ni ngapi."

Usiku ule ule akamhamisha yule mama,
blanketi mbili, sufuria, mfuko wa nguo za mtoto.
Kesho yake akamsimamia Uku
mpaka programu ikafutika yote.
"Ikiibwa tena?"
"Iende."
Kisha akakata plasta ya kliniki,
ile nyeupe ya kushikilia pamba ya kitovu,
akaibandika chini ya laptopu
akaandika kwa kalamu namba ya simu.
Jina hakuandika.