Hesi Iliyolika

Jumanne nilifungua faili ya shule ya Mwiki.
Waya zimetanda kioo kizima
kama nywele za aliyelala bila kusuka,
visanduku mia mbili na kumi na kimoja,
hakuna hata kimoja chenye jina.
Nikamlaani aliyeviunda.
Nikamwita mvivu, nikamwita mchoyo,
nikamwambia Kwamboka wa meza ya pili:
huyu alidhani hatakufa wala hatasahau.
Kisha nikatazama pembeni, chini, herufi ndogo:
mwaka juzi, mwezi wa tisa, saa nane usiku.
Mwenye faili: mimi.

Chai yangu ikafanya utando.

Mwaka juzi nilijua. Naapa nilijua
kwa nini namba hii ni kumi na nne nukta nane
na si kumi na tano.
Mteja alikuwa akipiga simu,
na mkono uliijua njia gizani
kama unavyojua swichi ya nyumba uliyokulia.
Nyumba ile nimehama. Napapasa ukuta.

Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, Barabara ya Kirinyaga;
chini yetu vyuma hugongwa mchana kutwa.
Nilishuka kupunga hewa, hewa yenyewe grisi,
nikasimama dukani kwa Bi Mumtaz, muuza vipuri.
Makopo ya maziwa ya unga, safu juu ya safu, hadi darini,
kila kopo na karatasi yake:
*Nati za gurudumu, Peugeot ya zamani. Ziko sita.
Moja hesi imelika.*
Nikamuuliza, mbona unaandika na ile mbovu?
Hakuinua macho kwenye risiti.
"Hiyo ndiyo ya kuandika kwanza.
Nzima itajisema yenyewe."

Nilipanda ngazi mbili mbili.

Tangu siku hiyo, jioni nyundo zikinyamaza, nachambua.
Nakata waya mmoja, nangoja kuona nini kitalia.
Visanduku kumi na saba vilivyokokotoa kivuli
nimevikusanya, nimevifunga kuwa kimoja,
nikakipa jina nitakalolielewa hata nikiwa na usingizi:
si Jaribio Jipya la Nne Mwisho Kabisa,
bali Kivuli cha Dirisha la Magharibi.
Na chini yake nimeandika
kama mtu anayemwachia mgeni funguo:

*Kinapokea dirisha, mwezi na saa.
Kinatoa mbao za kukinga jua, na idadi yake.
Mbao za Gikomba huitwa za kumi na tano;
zikipigwa randa hubaki kumi na nne nukta nane.
Ukibadili muuzaji, pima upya.
Usikipe ukuta uliopinda. Kitanyamaza,
na kimya chake kitafanana na jibu.*

Mali bila daftari huisha bila habari.
Yangu haikuisha; niliinunua tena kila mradi,
kwa usiku uleule, kwa macho yaleyale,
kama mtu achimbaye kisima kipya kila akishikwa na kiu.

Sasa viko tisa kwenye folda.
Tisa tu, kwa miaka sita ya kazi.
Cha ngazi inayojihesabia vidato.
Cha maji ya mvua kwenye paa la mabati.
Kimoja bado sijui kinafanya nini;
nimekiandikia: *Sijui. Usikifute.*

Wiki jana Kwamboka alikichukua kile cha kivuli
kwa zahanati ya Kayole. Hakuniuliza neno.
Nilimtazama kwa pembe ya jicho, na wivu kidogo,
akichomeka dirisha, mwezi, saa,
na mbao zikajipanga
kwenye ukuta ambao sijawahi kuuona.

Leo asubuhi nimefungua maelezo yangu
nikakuta, chini kabisa, mstari nisiouandika:
*Mwaka mrefu, kuanzia Machi, kinakosea kwa siku moja. Kw.*

Nimeusoma mara mbili.
Nimeupandisha juu,
uwe wa kwanza kusomwa.