Maelekezo kwa Wajenzi wa Tovuti

Ndege itawashusha Manda. Bado si Lamu.
Msihangaike kutafuta teksi: teksi ni boti,
na ng'ambo, gari la mji lina masikio marefu.
Begi lenye kompyuta libebeni wenyewe.
Punda wa Shekuwe ni mpole, ila akiwashwa
hujikuna ukutani na mizigo ya watu.

Ratiba. Tafadhali, ratiba.
Kompyuta iliandika 09:00, mimi nikaandika saa tatu,
na mwaka jana bwana mmoja kutoka Helsinki
alikuja saa tisa alasiri, nywele amezichana vizuri,
akatukuta tunafagia.
Saa tatu ni asubuhi.
Adhana ikiadhiniwa, msemaji ataikata sentensi yake katikati.
Tukirudi ataitafuta. Mara nyingi huwa fupi zaidi.

Umeme hukatika. Jenereta ipo, ni ya jirani,
na jirani ana harusi Ijumaa.
Chajini usiku.

Kuta za nyumba ni matumbawe na chokaa,
unene wake mkono wangu mzima hadi begani.
Waifai haipenyi. Ruta nimeiweka kwenye zidaka,
pale bibi alipopanga sahani zake za kauri.
Anayetaka kasi akae chumba cha ndani, avumilie joto;
anayetaka upepo akae dakani
aungoje ukurasa wake kama mgeni asiyetaja siku.

Anwani. Mmeniandikia mara kumi na nne: tuma anwani.
Nyumba haina namba. Mtaa hauna kibao.
Ramani ya simu itakufikisha wikio la pili,
hapo itakuzungusha, kisha itasema umefika,
nawe utakuwa umefika: kwenye ukuta.
Kwenye kazi yenu jina hugeuzwa namba ndipo lipate njia.
Huku namba ndiyo inayopotea. Taja jina.
Sema: kwa Mwana Hidaya, Mkomani.
Alifariki miaka thelathini iliyopita,
na hadi leo yeye ndiye anwani.
Mtoto yeyote atakuongoza. Akikuambia "ndoo!"
hakuombi ndoo ya maji. Anakuita. Mfuate.

Usipomwona mtoto, gatini yupo Famau,
shati la kijani, fimbo nyeupe.
Msimwinulie mabango yenye majina yenu.
Semeni. Ataishika sauti yako, hataisahau.
Vichochoro anavijua kwa mwangwi na kwa pua:
hapa ukuta umeachia, hapa kwa muuza bizari,
hapa ngazi tatu, ya kati imemeguka.

Jumamosi, kipindi cha mwisho ni chake.
Leteni tovuti mlizojenga, hasa zile mnazojivunia.
Atazifungua mbele yenu kwa masikio.
Wiki jana niliketi naye tukajaribu moja,
ya benki, nzuri, bahari imetandazwa juu hadi chini.
"Kitufe," ikasema simu. "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe."
Akacheka hadi akaweka kikombe chini.
"Huu mtaa gani, Esha?
Milango yote hii, na hakuna anayesema ni kwa nani."

Basi na hilo liongezeni kwenye vya kubeba,
chini ya viatu vyepesi na dawa ya mbu.

Asiyekula pweza aseme mapema.
Kahawa ni chungu, kikombe ni kidogo, usiombe kikubwa.
Vitambulisho vya shingoni viko mezani kwangu,
maandishi makubwa, majina kama mlivyoyaandika.
Cha Famau nilikitoboa mwenyewe kwa sindano,
nukta kwa nukta, nikiinakili alfabeti kwenye karatasi.
Alikipapasa, akatulia, akanirudishia.
"Huyu simjui," alisema.
"Lakini muulize anakwenda kwa nani,
nimpeleke."