Gundi ya Muhogo

Unga wa muhogo vikombe viwili, maji ya ziwa yaliyochujwa,
koroga upande mmoja tu, la sivyo itafanya madonge.
Moto mdogo. Ikianza kung'aa
kama jicho la sangara aliyevuliwa leo, epua.
Hilo ndilo somo langu la kwanza, Jumamosi, saa tatu,
darasa la mwisho pale Igogo, lenye dirisha moja na nusu.

Sikusomea ualimu. Miaka tisa nilikata minofu kiwandani,
barakoa mdomoni, kofia hadi kwenye nyusi,
tukajuana kwa macho na kwa namna ya kukohoa.
Siku nilipoivua kwa mara ya mwisho, getini,
mlinzi akaniuliza: wewe ni nani?

Basi najua kidogo habari za kujifunika.

Tunachana magazeti. Tunachana mitihani ya mwaka jana.
Holo kaibandika arobaini na moja yake, nyekundu,
kwenye shavu la fisi, na fisi akawa kama anacheka.
Kisha mmoja hulala mkekani, tunampaka mafuta ya alizeti,
tunamfunika uso kwa plasta ya wavunjika mifupa,
matundu mawili puani, usicheke,
naye anacheka, uso unapasuka, tunaanza upya.

Bituro hakulala.
Alisimama mlangoni, mikono nyuma,
mtoto wa Ukara, aliyeletwa kwa shangazi yake baada ya mtumbwi.
Watu husema hivyo tu: baada ya mtumbwi.
Miezi mitano bila neno.
Nilipomsogezea bakuli la plasta
nikaona koo lake likipanda na kushuka,
nikaelewa, mjinga mimi, kwa kuchelewa:
kufunikwa uso, kuitafuta pumzi kwa tundu dogo,
hayo alishayafanya.

Nikarudisha bakuli.
Akatoka. Nikadhani amekwenda.
Akarudi na jiwe.

Mwanza hatukosi mawe. Tumejenga juu yake,
tunaanikia dagaa, tunaanikia mashuka.
Lakini hili alilichagua: ukubwa wa kichwa cha mtu mzima,
upande mmoja umelainishwa na maji.
Akalipaka mafuta polepole,
kama mtu anayemnyoa mzazi wake.
Akabandika karatasi, tabaka saba.
Wenzake waliishia nne.

Uso umeumbwa na haya, ndivyo tulivyofunzwa.
Kinyago hakikuumbwa. Kimekorogwa,
kimekauka juani juu ya bati.
Haya kitaitoa wapi?

Siku ya mchezo walikuja wazazi kumi na mmoja
na mbuzi wa jirani.
Mchezo wenyewe: fisi kachaguliwa mweka hazina wa kikoba.
Bituro alikuwa mti. Mti hauna maneno,
tuliandika hivyo makusudi.
Lakini fisi alipouliza, "Nani basi mwenye kosa?"
mti ukasogea mbele,
uso wa jiwe, mdomo alioutoboa asubuhi ile
kwa wembe wa shangazi,
na sauti ikatoka, yenye kutu:

"Baba alisema tusisimame.
Mimi nilisimama.
Nilitaka kuona taa za Mwanza."

Hakuna aliyepiga makofi.
Fisi akasahau maneno yake, akaenda kuketi miguuni pa mti.
Kwenye benchi la nyuma shangazi akainuka,
akasema kwa sauti ileile anayouzia nyanya:
"Hata mimi ningesimama."

Sitasema amepona. Kivuko bado hapandi,
na kuna siku maneno yake yote
yangetosha kiganjani.
Kinyago kimetundikwa msumarini, na panya,
wanaoujua muhogo kuliko sisi,
wameanza kukila, kuanzia mdomoni.
Kila Jumamosi tundu limepanuka kidogo.

Jana nimemuuliza kama nikizibe.
"Waache," akasema.
Halafu, bila kunitazama:
"Koroga. Inaungua."